Diwani Katika Sanduku la Kioo

Steinholt, Manitoba
Alhamisi, 21 Aprili 1983

Mjukuu wangu Svana,

Leo ni Siku ya Kwanza ya Kiangazi kwa kalenda yetu ya Kiaislandi, na theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni. Nakutakia kiangazi chema huko Halifax, wewe na bahari yako na watoto wako wa darasa la tatu. Mimi ni mzima. Mguu wa kushoto unalalamika kidogo, ila huo umekuwa ukilalamika tangu enzi za vita. Jirani zangu Mykola na Paraska wanakusalimu. Paraska aliniletea sahani nzima ya pyrohy, yale maandazi yao ya kuchemsha yenye viazi ndani, kisha akakaa akala nusu yake. Kuku wanataga. Ng'ombe sina tena, kwa hiyo hawana habari.

Simu sipigi, unajua mwenyewe. Laini ni moja kwa nyumba sita, na Paraska akisikiliza hupumua kama farasi.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Mwezi huu baba yako amekuja mara tatu kunieleza kwamba nimezeeka. Mara ya tatu alikuja na karatasi za nyumba ya wazee ya kule mjini ziwani. Tulibishana mpaka kahawa ikapoa, mwisho tukapatana hivi: tarehe mosi Oktoba nitakwenda kukaa mwezi mmoja. Nikipazoea, shamba liuzwe. Nisipopazoea, narudi Steinholt na hakuna atakayenitajia habari hiyo tena mpaka nizikwe. Tumepeana mikono.

Nimezisoma kanuni zao. Mbwa hapana, paka hapana. Halafu imeandikwa hivi: "Mnyama mdogo wa kufugwa ndani ya kioo anaruhusiwa." Svana, nataka nyoka.

Usicheke. Miaka hamsini na mmoja nimeishi juu ya nyoka. Kila vuli wanaingia kwenye msingi wa nyumba, kila masika wanatoka, na babu yako alikuwa akiwabeba kwa ndoo huku mimi nikimpigia kelele juu ya ngazi. Tangu afariki nawabeba mwenyewe, na nimeona kwamba nilikuwa nawapigia kelele bure. Hawa wetu wa mistari hawana ubaya na mtu. Naogopa kule kutakuwa kimya mno. Nataka kitu kimoja cha hapa, na kiwe kinatikisika. Shida ni kwamba nimewazoea kwa ndoo, sijawahi kumjua mmoja. Wewe ulikuwa na wako darasani. Nimchague vipi?

Ni mimi bibi yako, ambaye pia ni mke mwenzio,
Lauga

* * *

Halifax
2 Mei 1983

Bibi yangu mpendwa,

Nimefurahi kupata barua yako, nikaisoma nimesimama ngazini na koti mwilini. Huku sote wazima. Mvua haijakatika tangu Pasaka. Wiki iliyopita wanafunzi wangu wanne waling'oka meno, na mmoja akalimeza la kwake ili tu asiwe wa mwisho kuwa na hadithi.

Mguu huo, Bibi, ni ubaridi tu?

Kuhusu nyoka, sikucheka. Nilicheka kidogo. Sikiliza sasa, nasema kama mwalimu. Usimtoe kule mashimoni wanakolala. Wa porini anajua porini. Ukimweka kwenye kioo anaweza kususa chakula, na ikifika vuli atajipigapiga ukutani akitafuta njia ya kwenda kulala na wenzake. Chukua aliyezaliwa ndani ya kioo. Winnipeg yuko mwalimu mmoja mstaafu anayewazalisha na kuwauza, nimekuandikia anwani yake nyuma ya karatasi hii.

Ukifika usichague kwa uzuri. Tazama macho yawe maangavu, ngozi isiwe na vidudu wala vidonda, na akipumua asikorome. Mshike: mwili uwe na nguvu, ulimi utoke mara kwa mara akikunusa. Mwambie mwenye nyoka amlishe mbele yako. Asiyekula usimchukue, hata akikutazama vipi.

Wasalimie Mykola na Paraska. Paraska hasa.

Mjukuu wako,
Svana

* * *

Steinholt
16 Mei 1983

Svana wangu,

Theluji imekwisha, matope yameanza. Nimeoka keki ya matabaka, ya plamu, ingawa si Krismasi, kwa sababu nilijisikia kuoka. Baba yako amepata buti mpya. Kuhusu mguu nilishakuambia.

Kununua nyoka! Mtu wa Steinholt apande basi mpaka Winnipeg akanunue nyoka? Mykola aliposikia alikaa chini ya ngazi za ukumbini, akashika tumbo. Akaniuliza kama nitapitia pia kununua mbu.

Basi Jumamosi alinipeleka kwa gari mpaka kwenye mashimo ya mawe ya chokaa. Unapakumbuka. Jua lilikuwa limewaka na ardhi yote inatembea. Nilikaa juu ya jiwe na kopo langu la kahawa, nikatazama saa nzima. Nimeyafanya uliyosema: macho, ngozi, pumzi, ulimi. Lakini wembamba wote walikuwa na haraka, kila mmoja ana shughuli zake. Halafu nikamwona. Unajua lile fundo la nyoka, vijembamba thelathini vimemzunguka mnene mmoja katikati? Tulipokuwa watoto tulimwita huyo wa katikati mfalme. Mimi nimemwita Diwani, kwa sababu diwani wetu naye ni mnene, ametulia, na watu wamemzonga wakimtaka kitu.

Nikawaondoa waombaji mmoja mmoja, nikamchukua. Alinichafua mkono kwa ule uvundo wao, mara moja tu, kama mtu anayetimiza wajibu. Baada ya hapo alijikunja mapajani mwangu mpaka nyumbani. Mykola amemtengenezea sanduku kwa vioo vya madirisha yangu ya baridi, na mfuniko wa wavu. Leo asubuhi amekula nyungunyungu watatu. Kwa hiyo mwalimu wako wa Winnipeg abaki na mali yake.

Wako,
Lauga

* * *

Halifax
6 Juni 1983

Bibi,

Salamu. Sisi wazima, shule inakaribia kufungwa, na wanafunzi wangu hawakai tena kwenye viti vyao bali juu ya viti vyao.

Nilikuambia usimtoe shimoni. Sasa umeshamtoa, basi weka maji ya kuoga, pembe moja iwe na joto na nyingine baridi. Usimlishe wale samaki wadogo wa ziwani peke yao hata kama Mykola anawaleta bure, wanamharibu mishipa, mpe nyungunyungu. Na akianza kususa, Bibi, umrudishe. Niahidi.

Hujanijibu juu ya ule mguu. Unashuka ngazi za chumba cha chini siku hizi, au unamwachia Mykola?

Svana

* * *

Steinholt
3 Julai 1983

Svana,

Salamu sina.

Matroni wa nyumba ya wazee ameniandikia barua ya kunikaribisha. Ni mwanamke mwenye adabu. Anasema amefurahi kwamba nimekubali, maana jina langu liko kwenye orodha tangu mwezi Machi, "lilipowasilishwa na mjukuu wako wa Halifax."

Machi. Baba yako alianza kuja Aprili. Nilidhani wazo ni lake, nikamtukana bure kwenye meza yangu mwenyewe.

Diwani ameacha kula.

L.

* * *

Halifax
14 Julai 1983

Bibi yangu,

Ni kweli, ni mimi. Nilitaka kukuambia, na kila barua nimeandika nikafuta.

Paraska aliniandikia Machi. Alinieleza kwamba ulianguka ngazini na ndoo ya nyoka, ukalala kwenye sakafu ya chumba cha chini tangu asubuhi mpaka Mykola alipoleta maziwa saa nane mchana. Alisema Mykola alipokukuta ulikuwa umejifunika gunia la viazi na ulimwambia awahesabu nyoka kwanza. Ulimwapisha Paraska asimwambie mtu. Aliniambia mimi kwa sababu, alivyosema, mimi niko mbali, kwa hiyo si mtu.

Nililia mbele ya darasa, Bibi. Watoto wakaniletea karatasi za kufutia makamasi. Jioni ile nikawaandikia wale wa nyumba ya wazee, halafu nikamwandikia Baba alianzishe wazo hilo kama lake, maana niliogopa ungeniacha. Nilikosea kukuficha. Kukuandikisha sijui kama nilikosea. Nakupenda, na sitaki uokotwe tena.

Mrudishe Diwani kama bado hali chakula. Ila kwanza niambie: ni mnene kiasi gani sasa, na unene uko upande gani?

Svana

* * *

Halifax
9 Agosti 1983

Bibi,

Wiki karibu nne sijapata hata mstari. Nilimpigia Baba, akasema uko mzima na unachuma maharage. Nilitaka kuja mwezi huu lakini nimeahidi kufundisha masomo ya likizo.

Niandikie hata kunitukana.

Svana

* * *

Steinholt
24 Agosti 1983

Mjukuu wangu, mke mwenzangu, msaliti wangu,

Nakusalimu kwa salamu zote nilizokunyima Julai, na hizi za Agosti juu yake. Mimi mzima, maharage yamejaa mitungi ishirini, Paraska tumepatana. Nilimnunia siku tisa. Ya kumi alikuja akakaa ukumbini, akaanza kumenya njegere zangu. Ungefanya nini?

Svana, Diwani amejifungua.

Ilikuwa Jumanne. Niliamka, nikaweka kahawa, nikafunua kitambaa cha sanduku ili nimpe pole kwa kufunga kwake, na sanduku zima likanitazama. Wadogo kama penseli, wamevaa mistari yao kamili, ulimi nje. Hawakutoka kwenye mayai wala nini. Wamezaliwa kama watu. Nilikaa chini. Kisha nikacheka peke yangu jikoni mpaka nikalazimika kushika jiko. Miaka yote hii tunamwita mfalme, Svana. Mwanamke wa watu yuko katikati ya wanaume thelathini, na mji mzima tunasimama tukimsifu kwamba ni mfalme.

Mykola amekuja, amevua kofia. Akaniuliza, "Diwani mwenyewe ndiye huyu?" Nikamwambia ndiye, na safari hii ametuletea kitu. Wako kumi na saba. Na Diwani, mara tu alipomaliza, alikula nyungunyungu sita na kipande cha ini. Kumbe hakuwa anasusa. Alikuwa na mzigo.

Nadhani ulijua uliponiuliza unene uko upande gani. Wewe na kuficha kwako.

Basi na mimi niseme. Nilianguka, ndiyo. Masaa yale pale chini sikuumia sana, lakini niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nyoka walitoka ndooni wakaja kwenye joto, wakalala ubavuni mwangu, na nikawa nawasemesha nisije nikapiga mayowe ambayo hakuna wa kuyasikia. Ndiyo maana nilitaka mmoja. Hilo sikutaka kuliandika Aprili.

Sasa uniambie nichague yupi. Hawa wamezaliwa ndani ya kioo, kama ulivyotaka.

Bibi yako,
Lauga

* * *

Halifax
2 Septemba 1983

Bibi!

Nimesoma barua yako kwa sauti katika chumba cha walimu. Mwalimu wa hesabu ameomba nakala. Naam, nilihisi, lakini niliogopa kukosea, maana nyoka wa darasani alikuwa peke yake na maisha yake yote hakuwahi kutushtua kwa lolote.

Pongezi kwa Diwani. Umeniacha nikilia tena kwa yale ya chini ya ngazi, ila safari hii nilikuwa nyumbani.

Sasa kazi. Watenge wachache wachache, uwakatie nyungunyungu vipande vidogo sana. Baada ya siku mbili tatu uone nani anakula, na uandike. Fanya hivyo wiki mbili. Utampenda mmoja mapema, nakujua. Usimchukue kwa kupendwa. Mchukue anayekula. Waliobaki na mama yao warudi mashimoni kabla baridi haijaanza, ili wamfuate mama yao, au wafuate harufu yake, wapate pa kulala.

Na wewe? Mwezi umebaki.

Svana

* * *

Steinholt
25 Septemba 1983

Svana,

Baridi ya kwanza imeunguza maua ya barazani. Paraska anakusalimu na anasema wewe sasa ni mtu. Baba yako ameleta maboksi matupu na kuyapanga ukumbini.

Nimefanya kama mwalimu alivyoagiza, na daftari ninalo. Ulinijua vizuri. Nilimpenda mmoja siku ya pili. Alikuwa mdogo kuliko wote. Nikiweka mkono wangu sandukuni alipanda mpaka kwenye mkono wa sweta, akalala humo, na mimi nikanywa kahawa kwa mkono mmoja nisimwamshe. Lakini alikuwa hali. Nilimpa nyungunyungu, nikampa samaki, nikamsugulia kipande puani, akageuza uso. Siku kumi na nne sikuandika kitu mbele ya jina lake.

Yupo mwingine, mgomvi, alimng'ata baba yako kidole cha shahada siku alipoleta maboksi. Huyo anakula. Anakula chake, kisha anakwenda kumnyang'anya jirani, kisha anasimamisha kichwa kuniuliza kama ndiyo basi. Sura hana sana, na mstari wake mmoja umekatika karibu na mkia.

Nikawaweka wote wawili juu ya meza, nikawatazama asubuhi nzima. Mwisho nikaamua. Kule ninakokwenda nataka anayekula. Nikichukua anayesusa tutakuwa wawili.

Jumapili tulikwenda mashimoni na ndoo, mimi na Mykola. Diwani alitoka wa kwanza, akanusa hewa, akaingia kati ya mawe bila kugeuka. Watoto kumi na watano wakatiririka nyuma yake. Yule mdogo wangu alibaki kwenye mkono wa sweta mpaka mwisho. Nilimtoa nikamlaza kwenye jiwe lenye jua, akakaa kidogo, akaenda. Nililia, Svana, na si kwa nyoka tu. Mykola alijifanya anaangalia gurudumu.

Huyu mlafi nimempa jina Katibu. Jumamosi tunahama, mimi na yeye.

Lauga

* * *

Nyumba ya Wazee, chumba namba 9
21 Oktoba 1983

Mjukuu wangu Svana,

Mimi mzima, Katibu mzima, mguu mzima. Ziwa naliona dirishani. Bado halijaganda ila linafikiria.

Sikukuandikia mapema kwa sababu sikuwa na la kukufurahisha, na uongo tulishauacha. Siku ya kwanza matroni alisema kanuni ilikusudia samaki. Nikamwomba aisome kwa sauti. Akaisoma mara mbili, akaenda zake. Wiki ile nilikula chumbani. Chakula kilikuwa laini, watu laini, hata milango inafungwa kwa taratibu. Nilikuwa nimeshakunja magauni mawili tayari kwa kurudi. Katibu peke yake alikula, na nilimwonea gere.

Alhamisi ya kwanza, nikiwa namlisha, mlango ukagongwa. Ni mzee Bjossi wa namba 12, mvuvi wa zamani, ana miaka tisini na moja. Wanasema tangu masika alikuwa hajazungumza na mtu zaidi ya kuomba chumvi. Ameshika kijiko cha mezani kimejaa udongo na nyungunyungu watano, amewachimbua kwenye kitanda cha maua cha matroni. Akasema, "Wako hawa ni wembamba mno. Nyoka gani atashiba hapo?" Nikamwambia kama ana maneno aingie, baridi inaingia. Akaingia. Alikaa mpaka saa ya chai, akanifundisha kukata chambo, kana kwamba nilizaliwa jana.

Alhamisi iliyofuata walikuja sita. Kuna dada wawili wanaokaa namba 4, walikulia karibu na mashimo yale yale, nao utotoni walimwita yule mnene wa katikati mfalme. Niliwapa habari ya Diwani kujifungua na mmoja wao alicheka mpaka muuguzi akaja kumpima presha. Sasa tunabishana kila siku. Mpishi ametugundua tunaficha kopo la udongo na nyungunyungu nyuma ya mapipa yake ya viazi, amepiga marufuku, na kesho yake akaonekana akilimwagia maji kidogo wasikauke.

Jana walikuwa kumi na mmoja. Matroni naye alikuja, akasimama mlangoni akisema anapita tu. Kila mmoja ana la kusema: joto limezidi, kipande kikubwa, mpe wa kulia kwanza. Nilipiga kelele nikawatisha kuwatoa wote. Sijapiga kelele namna ile tangu babu yako alipokuwa chini ya ngazi na ndoo, na Svana, nilijisikia vizuri hivi kwamba usiku sikukumbuka kukunja gauni la tatu.

Mwezi wa hapa ni wiki nne, kwa hiyo wangu unaisha tarehe 29, siku ya Jumamosi. Baba yako amesema atakuja na gari asubuhi, aniulize jibu. Mpigie simu wewe, mimi sitaki kumsikia akifurahi. Mwambie asije Jumamosi. Jumamosi tunabadilisha maji na nina kazi.

Kama anataka kuniona, aje Alhamisi saa nane mchana, na aje na kiti chake, maana hapa hatuna cha kumkalisha.

Bibi yako,
Lauga